Mipira Mitatu ya Stelingi

Habari za kifo cha Mzee Mwakio zilinifikia dukani, saa nne za asubuhi, kwa njia ambayo habari zote hunifikia siku hizi: simu ilitikisika mezani mara moja, kisha mara mbili, kisha ikawa haiachi. Kundi la WhatsApp la watu wa zamani wa mtaa wetu wa Voi lilikuwa limejaa pole na picha za mishumaa. Nilisoma jina lake mara tatu. Dereva wa lori la kanta alikuwa amesimama mbele yangu akingoja mpira wa oili wa stelingi, yaani wa usukani, nami nilikuwa nimeshaupima na kuukata, nikamkabidhi, akashukuru akaenda. Nusu saa baadaye alirudi nao mkononi. Nilikuwa nimemkatia mfupi. Katika miaka yote ya kuuza mipira ya magari kando ya barabara hii sijawahi kukata mpira mfupi, na yule dereva, kijana wa heshima, akaniuliza, "Madam, uko sawa kweli?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa, na hata sasa ninapoandika haya sijui vizuri nilikuwa nini. Mtu akifiwa na baba mzazi anajua la kufanya, analia. Lakini mwenye nyumba uliyepanga kwake mwaka mmoja tu, ukiwa na miaka ishirini, unamlilia kwa kipimo gani? Nilifunga duka mapema, kisha nikakaa ndani humo humo na mlango umefungwa, kana kwamba nimejifungia nje.

Kilichonipeleka Voi mwaka ule ni hadithi nyingine na haina utamu. Nilikuwa mwalimu wa chekechea asiye na cheti, na nilipanga chumba cha nyuma katika boma la Mzee Mwakio, chumba kilichojengwa kiwe stoo ya zana. Kilikuwa na dirisha moja la mbao lisilofunga, msumari wa kutundikia nguo, na harufu ya grisi ambayo haikutoka hata nilipopiga deki kwa sabuni ya unga. Mabati yalianza kulia saa tatu asubuhi jua lilipoyashika, na vumbi jekundu liliingia hata mahali ambapo upepo haukuingia. Mzee alikuwa amestaafu kutoka stoo ya reli. Mkewe, Mama Mghoi, alikuwa Mkamba aliyeolewa Utaita na kukaa huko miaka mingi bila kukubali kwamba Mtaita anajua kupika mahindi. Kila Jumatatu na Alhamisi alinibishia hodi na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akasema, "Nimepika mingi, nisaidie," na kila Jumatatu na Alhamisi nilijifanya kushangaa. Walikuwa watu wa maneno machache. Ukuta kati ya chumba changu na jikoni kwao ulikuwa wa mbao na haukufika juu, kwa hiyo nilisikia yote waliyosema, na mengi ya waliyosema yalikuwa kuhusu gari.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya Kijapani, rangi ya maziwa yaliyoungua, lililoegeshwa chini ya mwarobaini mbele ya dirisha langu. Mzee alilinunua mwanzoni mwa mwaka ule kwa pesa ya kustaafu, na alilipenda kwa sababu lilikuwa na pawa stelingi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepondwa zamani kazini na havikukunjika, na gari la usukani mzito asingeliweza. Kumbe hiyo pawa stelingi ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa gari. Kwa msomaji asiyejua, nieleze mara moja tu: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwa nguvu kupitia mpira mnene hadi chini kwenye magurudumu, na nguvu hiyo ndiyo inayokusaidia kukata kona. Mpira ukipasuka, oili inamwagika, na usukani unakuwa mzito kama ng'ombe aliyekataa josho. Mpira wa kwanza ulipasuka mwezi wa pili, pale Mwatate. Mzee alirudi na gari likivutwa na trekta la shamba la mkonge, akashuka, akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, nilikuwa nikianika nguo. "Mwalimu," akaniambia, "lete mikono yako nione."

Nilikuwa na mikono midogo, basi, hicho ndicho kilichonifanya fundi. Nati ya nyuma ya mpira ule imejificha kati ya pampu na ukuta wa injini, mahali ambapo mkono wa mwanamume mzima hauingii, sembuse wenye vidole visivyokunjika. Yeye alitandika mkeka, akapanga spana kwa ukubwa wao, akaketi kwenye kigoda na kuniongoza. Na hapo ndipo fujo yangu yote ilipoanzia, maana Mzee Mwakio hakuwa na kulia wala kushoto. Miaka thelathini ya reli ilikuwa imemfundisha kwamba duniani kuna pande mbili, kwa Mombasa na kwa Nairobi. Hata chumvi mezani ilikuwa kwa Mombasa ya sufuria. "Hiyo nati ifungue kwa Nairobi," alikuwa akisema. "Polepole. Sasa rudisha kwa Mombasa kidogo, isikwaruze." Nilijifunza. Kichwa chini, oili ya zamani ikinidondokea kwenye kiwiko, niliweza kuhisi Mombasa iko wapi bila kufikiri. Tulifunga mpira mpya, tukajaza oili, tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki, naye akazungusha usukani hadi mwisho huku na hadi mwisho kule, mara ishirini, ili hewa itoke kwenye mipira. Gari likanyamaza, likawa jepesi. Nilifurahi kupita kiasi. Watoto thelathini wa chekechea hawakuwahi kunipa furaha ya namna ile, na nilijionea haya kidogo kwa kuwaza hivyo.

Mpira wa pili ulipasuka mwezi wa tano, pale milima inapoanza. Sasa nilianza kuuliza maswali. Gari lilikwenda sokoni, kanisani, hata mara moja lilifika Taveta na kurudi bila neno. Lilikataa njia moja tu, ya Wundanyi. Mama Mghoi ndiye aliyenieleza, tukichambua maharagwe. Juu kule, kupita Wundanyi, aliishi kaka mdogo wa Mzee, aitwaye Nyambu. Mama yao alipofariki, Mzee alikuwa kazini mbali, treni ikachelewa, na alipofika nyumbani alikuta udongo umeshapigwa koleo la mwisho. Hawakumngoja. Alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia Nyambu neno ambalo Mama Mghoi hakutaka kulirudia hata kwangu, akashuka mlima siku ile ile. Miaka kumi na moja hawakusemezana. Alinunua gari ili aende kwake. Aliondoka mara mbili, na mara mbili mpira ulipasuka. "Na wewe usijitie," Mama Mghoi aliniambia, akitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Nilicheka, nikasema mimi nimechukua spana. Hakucheka.

Mwezi wa nane, Alhamisi ya muthokoi, alikuja Wawuda, dada ya hao wawili, na mkungu wa ndizi kichwani. Nilikuwa kitandani nikisahihisha vidaftari vya kuchora, nikasikia kila kitu juu ya ule ukuta. Nyambu alikuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka haikuingia viatu, na usiku alilala ameketi ili apate pumzi. Watoto wake walitaka kumshusha hospitali, akakataa. "Anasema atashuka na Mwakio peke yake," Wawuda alisema. "Anasema, aje yeye mwenyewe na hiyo gari yake nasikia habari yake. Asipokuja, niacheni hapa." Sufuria ikafunikwa. Mzee akasema kwamba atakwenda Jumapili, lakini mpira umeanza kutoa jasho tena, lazima abadilishe kwanza.

"Hiyo si mpira," Wawuda akasema. "Wewe unaenda kwake na hasira, gari inakataa."

"Gari haina moyo, wifi," Mama Mghoi akamjibu.

"Mwenye kuiendesha ako nao. Mwakio, utatasa lini? Umekuwa mzee wa kanisa mpaka umesahau?"

Kutasa ni jambo letu sisi Wadawida, ndio hao Wataita. Mtu aliye na hasira na nduguye hutia maji kinywani, au maji ya miwa, akayapuliza nje kama manyunyu, na kutamka kwamba ameiachia, nduguye apate afya na amani. Wazee husema hasira isiyotolewa huendelea kufanya kazi hata mwenyewe akiisahau, na aumiaye ni mtu wa damu yako. Mimi nilikuwa nimemwona bibi yangu akitasa mara moja, nikiwa mdogo sana, na nilikua nikifundishwa kanisani kwamba mambo hayo yamepita. Kwa hiyo sikujua niwe upande gani wa ule ukuta. Mzee alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye husoma somo la kwanza kila Jumapili, hawezi kusimama uani akipuliza maji. Wawuda akamwambia, basi soma hiyo somo kwa matanga ya Nyambu. Baada ya hapo nilisikia vijiko tu.

Ijumaa tulikwenda Maungu, kwa fundi mmoja aliyetengeneza mipira ya malori kwenye kontena kando ya reli. Hakuwa na mpira wa gari dogo. Alichukua wa lori, akaukata, akabana vichwa vya chuma vya mpira wetu wa zamani kwenye mpira huo mpya, akaupiga kwa nyundo na kusema utadumu kuliko gari. Ulikuwa mnene. Leo nikiletewa kazi ile dukani ningeikataa bila kufikiri mara mbili, lakini siku ile niliuona kuwa mzuri sana. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tukatandika mkeka. Na jambo dogo: gari lilikuwa limegeuzwa. Mama Mghoi alikuwa ametandaza mahindi upande wa lango, kwa hiyo mbele ya gari ilitazama chumba changu badala ya barabara. Niliingiza mkono nyuma ya pampu, Mzee akasema, "Kaza kwa Mombasa." Nikasimama hapo hapo. Mwezi wa pili na wa tano Mombasa ilikuwa upande wa betri. Sasa upande wa betri ulikuwa Nairobi.

"Mzee, Mombasa ya gari au Mombasa ya barabara?"

"Mombasa ni moja tu, mwalimu."

Nilikaza upande uliokuwa ukikaza. Nadhani. Mkono wangu ulihisi nati ikishika, na mpira ulikuwa mnene ukinisukuma kidole, na jasho lilikuwa likiniingia machoni. Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kiasi kwamba sasa siamini kumbukumbu yangu mwenyewe. Wakati mwingine naihisi nati ikikaza kabisa, wakati mwingine naihisi ikibaki na robo ya mzunguko. Jina langu ni Wakesho, na sijui nimwamini Wakesho yupi.

Kisha tukajaza oili. Nilikuwa nimekata shingo ya mtungi wa mafuta ya kupikia nikaifanya faneli, pana kama bakuli, nikaichomeka kwenye mdomo wa kikopo cha oili cha stelingi. Mzee aliketi ndani ya gari akizungusha usukani, mimi nikimimina kila oili iliposhuka. Alizungusha mara kumi, labda kumi na mbili. Akaacha. Akashuka, akaingia nyumbani, na mimi nikabaki na chupa mkononi nikidhani ameenda kunywa maji. Alirudi na kikombe cha bati cheupe. Hakunitazama. Alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, akavua kofia, akaitazama milima, ambayo saa ile ilikuwa ya buluu na karibu sana, akapiga funda. Akapuliza. Maji yalitoka kwa upana, yakaangukia injini na betri na mikono yangu. Akasema kwa Kidawida kwamba lile neno la matangani amelitoa, Nyambu apumue, Nyambu apone, wakutane wakiwa hai. Akapiga funda la pili akapuliza, na la tatu. Alikuwa akilia, au ni maji yalimrudia usoni, sikuweza kutofautisha. Na mimi nilikuwa nikitazama faneli. Matone yalikuwa yametapakaa ndani yake, yakaanza kuteremka yakikutana, yakawa mkondo mdogo, yakaingia kwenye oili.

Nilijua. Hata fundi wa miezi sita anajua kwamba maji na oili ya stelingi havikai pamoja. Dawa yake ilikuwa rahisi: fungua mpira, mwaga yote, jaza upya, nusu saa tu, na chupa moja nzima ya oili ilikuwa imebaki. Lakini ningeisemaje? Mzee wa kanisa ametoka mchana kweupe, ametoa neno la miaka kumi na moja mbele yangu mimi mpangaji, halafu nimwambie tuyamwage chini maji aliyolitolea? Nilifungua mdomo. Alivaa kofia yake, akasema, "Weka kifuniko," na sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Nikaweka kifuniko. Hatukurudi kuzungusha usukani zile mara zilizobaki.

Jumapili tuliondoka baada ya ibada ya kwanza, yeye na mimi, mimi nikiwa na spana kwenye kikapu pamoja na chapati za Mama Mghoi. Hadi Mwatate gari lilikwenda kama gari. Mzee aliongea, jambo geni. Alinieleza jinsi yeye na Nyambu walivyokuwa wakiiba asali. Tulipoanza kupanda, kwenye kona ya tatu au ya nne, nikasikia pampu ikilia kwa sauti nyembamba. Akanyamaza. Kona iliyofuata alikata kwa mabega yote. Iliyofuata, nilipanda magoti juu ya kiti na kushika usukani pamoja naye, mikono minne, shimo la bonde upande wangu, na lori la kabichi likishuka likitupigia honi. Akaegesha penye nafasi ya kwanza. Tulifungua boneti. Oili ilikuwa imetoka kwenye kifuniko ikiwa povu, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Lakini hata chini, kwenye ile nati yangu, kulikuwa kunadondoka. Na ule mpira wa lori, mnene, ulikuwa umelalia bomba la moshi na kuanza kunuka. Mambo matatu kwa pamoja. Mzee aliinama akatazama povu, akatazama chini, akafunga boneti taratibu, akasema, "Tutembee."

Tulifika karibu saa kumi. Nyambu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, ukungu ukishuka, amevaa koti la suti na shuka miguuni, na mkewe alituambia alikuwa pale tangu saa mbili asubuhi na alikataa kuingia ndani. Walipeana mikono kama watu wanaotambulishwa. Mwanawe mkubwa akasema ataenda Wundanyi kutafuta gari jingine jioni ile ile, na Nyambu ndiye aliyekataa. "Kesho," alisema. "Huyu ametembea. Apewe chakula." Hilo nalo lazima niliweke kwenye hesabu, na sijui niliweke upande gani. Niliketi jikoni na mkewe, moshi ukituchoma macho, tukila kimanga cha mihogo na maharagwe, na kupitia mlango nikawasikia hao wawili sebuleni. Mwanzo waliongea kuhusu mvua. Kisha Mzee akasema, "Ungengoja saa mbili tu."

"Mvua ilikuwa inakuja."

"Mvua haikunyesha."

"Haikunyesha, ndiyo," Nyambu akasema. Akavuta pumzi, ilimchukua muda. "Nilikaa nikiangalia juu siku mzima. Haikunyesha."

Mke wa Nyambu akanigusa mkono kunionyesha kwamba nimeacha kula. Kisha mmoja wao akataja asali, na nikasikia kicheko, kile cha Nyambu kikikatika kwa kikohozi na kuanza tena. Sijapata kukaa katika jiko lenye furaha kama lile. Asubuhi walimshusha kwa pikapu ya mboga, ameegemea magunia, Mzee amemshika kiunoni njia nzima. Hospitalini daktari alisema maji yamefika mapafuni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba ingekuwa vizuri kama wangekuja siku moja mapema. Nyambu alifariki Jumatano.

Gari lilitengenezwa na fundi mwingine wa mjini, akabadilisha kila kitu, pampu na mipira na nati, na vya zamani akavitupa. Kwa hiyo hakuna atakayejua. Mimi nilihama mwezi wa kumi na mbili. Watu huniuliza kwa nini mwanamke mwalimu aliacha chaki akaingia kwenye biashara ya mipira ya magari, nami huwaambia ni riziki. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta jibu. Mara mbili nimetia maji, mafunda matatu niliyoyapima kwa kinywa changu mwenyewe, kwenye stelingi ya gari bovu. La kwanza lilikwenda siku tatu bila kulalamika. La pili lilitoa povu kabla sijafika Mwatate. Mafundi wangu waliniona wakadhani nimerukwa na akili. Kama ni maji, basi kunyamaza kwangu ndiko kulikomwua Nyambu. Lakini kama gari lingefika saa nne asubuhi, wangempakia na kushuka, na ile jioni isingekuwapo, na mvua isiyonyesha isingesemwa. Nimejaribu kujuta na nimejaribu kutojuta. Yote mawili hayanikai.

Tulimzika Mzee Mwakio Ijumaa, juu kule, karibu na nduguye. Baada ya watu kula, Mama Mghoi akamtuma mjukuu wake aniite chumbani. Amezeeka, macho yamefifia, lakini bado hutoa jiwe kwenye maharagwe kwa kidole tu. Aliniketisha kitandani kando yake, akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Wakesho, mzee alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu, mama."

"Alikuwa anakuja kwa duka yako. Kila mwezi, na bodaboda. Anasema anaenda kununua oili ya stelingi, na gari tuliuza zamani sana. Anarudi anasema, nimeuziwa na kijana, Wakesho alikuwa ndani. Ziko kule Voi kwa stoo. Hajafungua hata moja."

Ni kweli. Nilimwona kila mara. Nilipoona ile kofia ikishuka kwenye pikipiki niliingia chumba cha nyuma na kumwachia mfanyakazi amhudumie, naye alikaa kwenye benchi saa nzima, wakati mwingine zaidi, akisalimu wateja wangu. Nilimwogopa. Niliogopa ataniuliza, nami nitamwambia kwamba niliyaona maji yakiingia. Basi nikamwambia mkewe. Nilisema yote, faneli, matone, kifuniko, na nililia vibaya, mtu wa umri wangu, mpaka mjukuu akachungulia mlangoni. Mama Mghoi alingoja nimalize. Alinishika mkono, akaupapasa vidole kimoja kimoja.

"Aliona," akasema.

"Aliona nini?"

"Hiyo maji. Jumamosi hiyo hakula chakula ya jioni. Akaniambia, maji imeingia kwa oili, na mwalimu ameona. Mimi nikamwambia, si mmwage muweke ingine? Akasema, mwalimu akisema tumwage, nitamwaga. Asiposema, mimi sitasema."

"Kwa nini hakusema yeye?"

"Mimi ndio nataka kukuuliza wewe," Mama Mghoi akasema. "Nimekaa na huyo mtu miaka yote hiyo na hajaniambia."

Nje walikuwa wakikunja viti vya kukodi. Nilifikiria lile benchi, na mtu wa miaka themanini na kitu akipanda pikipiki juani kila mwezi kuja kuketi hapo. Labda alikuja kuniomba msamaha. Labda alikuja kunipa wangu. Au alitaka tu watu wawili wanaojua jambo moja waketi pamoja. Sikujua, na sijui. Nilikuwa na swali moja tu, na mtu wa kulijibu tulikuwa tumemfukia saa nane.